Mlima wa Mama Mkwe

Kefa aliituma grafu kwenye kundi la majirani kabla hajaitazama vizuri, na balaa lote lilianzia hapo. Haikuwa tabia yake. Kwa kawaida alikuwa mtu wa kupima na kupima tena hata anapokata kipande cha waya kisicho na thamani. Lakini Jumamosi ile furaha ilimzidi kimo.

Tangu rauta ya zamani ipigwe na radi, naye akalazimika kununua ya kampuni nyingine kwa sababu ile ya mwanzo haikupatikana tena Dodoma nzima, programu yake ya kupima matumizi ilikuwa imekaa kimya. Intaneti ilipita vizuri, ila hakuna aliyejua nani anatumia kiasi gani, kama bomba linalotoa maji huku mita imekufa. Kefa alihangaika nayo kila jioni akirudi kazini. Alibadilisha waya, hapo hapana tatizo. Alizima na kuwasha, hapo pia hapana. Mwishowe aligundua kwamba rauta mpya inapeleka taarifa zake kwa mtindo ambao programu haikuuzoea, na inazipeleka mahali ambapo programu haikutega sikio. Akarekebisha, na programu ikazisoma hata taarifa za siku zilizopita ambazo rauta ilikuwa imezihifadhi. Mistari ikaanza kupanda kwenye kioo cha kompyuta, naye akapiga makofi peke yake sebuleni.

"Imekubali!" alipiga kelele.

"Nani amekubali?" mkewe Restuta aliuliza kutoka jikoni.

Hakumjibu. Alikuwa amekwisha piga picha ile grafu na kuirusha kwenye kundi.

Grafu hiyo ilikuwa na maana yake. Nyumba kadhaa za mtaa wao wa Makole ziliungana kuchukua laini moja ya intaneti, na bando likiisha kabla ya mwezi, kasi inashuka kwa wote. Ndiyo maana wakakubaliana kwamba kila Jumamosi Kefa, ambaye ndiye fundi wao, atume picha yenye nguzo moja kwa kila nyumba, tangu mwezi uanze, kila mtu auone mwenendo wake. Tangu radi ipige walikuwa hawajaona picha hiyo. Sasa waliiona. Nguzo zote zilikuwa fupi fupi, za kawaida, isipokuwa moja iliyopanda mpaka ikataka kutoka nje ya picha. Chini yake paliandikwa: Nyumba namba moja, Mama Angelina.

Mama Angelina alikuwa mama yake Restuta, yaani mkwe wake Kefa.

Restuta aliingia sebuleni simu mkononi, mtoto wao Luka mgongoni, na uso ambao Kefa aliujua.

"Baba Luka, hii umeituma wewe?"

"Imekubali, mke wangu. Siku zote hizi kumbe ilikuwa inaongea kwa lugha yake, sasa nime..."

"Sikuulizi kama imekubali. Nakuuliza kama umeisoma."

Akaisoma. Alijaribu kuifuta, lakini majirani walikuwa wamekwisha iona na kuanza kuandika. Abdulwahab, mwenyekiti wao, mtu wa wizarani asiyeweza kuomba hata chumvi bila kuweka utangulizi, aliandika: "Ndugu majirani, nadhani grafu inajieleza. Tukutane kesho mchana kwangu." Yasinta wa duka la steshenari alituma vikatuni vinavyocheka mpaka machozi. Joha, mkewe Abdulwahab, aliandika: "Mwacheni bibi wa watu, labda anasoma chuo kikuu."

"Mama anatumia nini chote hicho?" Restuta aliuliza. "Anaongea na mama mdogo Anna jioni, basi. Simu yenyewe kuiwasha mpaka niende mimi."

"Labda ina kirusi. Labda inajiendesha yenyewe."

"Si uangalie kwenye hiyo programu? Uliniambia ukibonyeza namba ya nyumba inakuonyesha data imekwenda wapi na wapi."

Ni kweli alimwambia hivyo. Nyumba ya Abdulwahab alikwisha ibonyeza kabla ya radi, ya Yasinta pia, bila wasiwasi wowote, kama fundi bomba anayeinamia mfereji wa mtu. Lakini namba moja ilikuwa jambo jingine kabisa.

"Unataka nichungulie mambo ya mkwe wangu?"

Restuta aliolewa naye akiyajua hayo. Tangu Mama Angelina aje kutoka Haneti na kukaa kwenye nyumba ndogo ya uani, Kefa hakuwahi kukanyaga kizingiti chake. Hakuwahi kukalia kigoda chake wala kunawa naye kwenye bakuli moja. Siku ya kumwekea intaneti alisimama nje, akapenyeza waya dirishani, Restuta akaupokea ndani na kuuchomeka huku akielekezwa kwa sauti. Ndivyo alivyolelewa kwao Hombolo, na ndivyo Mama Angelina alivyotarajia.

"Basi bonyeza wewe," Kefa alisema, akamsogezea kompyuta.

"Mimi? Nimchungulie mama yangu mzazi?"

Wakabaki wote wawili wanaitazama ile namba moja, na hakuna aliyenyoosha kidole.


Mama Angelina alikuwa amekaa kivulini mwa ukuta wa nyumba yake ndogo, anabangua karanga kwenye ungo. Jicho lake la kulia lilikwisha fanyiwa upasuaji wa mtoto wa jicho, na lilikuwa linang'aa kwa udadisi kama la mtu aliyerudi kutoka safari ndefu. La kushoto lilikuwa bado na ukungu wake, linasubiri zamu hospitali. Daktari alisema asiende mbali mpaka aitwe, maana ukiikosa zamu yako unarudi mwisho wa foleni, na foleni yenyewe haina haya.

Kefa alisimama mbali, karibu na tangi la maji, macho chini.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mkwe. Mbona unasimama juani?"

"Hapa panatosha, mama." Akamgeukia mkewe. "Mama Luka, hebu muulize mama kama simu yake inapata moto."

Restuta, aliyesimama katikati ya ua, akamgeukia mama yake. "Mama, simu yako inapata moto?"

"Mwambie mkwe wangu simu haipati moto. Na mwambie akiwa na neno aliseme. Mimi kibovu ni jicho, masikio ni mazima."

Maneno aliyoyapanga Kefa tangu sebuleni yalimtoroka yote. Utamwambiaje mama mkwe kwamba anamaliza kitu cha watu? Kwao hata kumwambia mkwe kwamba chakula kimechacha unazunguka mlima mzima.

"Hakuna neno, mama. Ni matengenezo tu ya kawaida."

"Matengenezo," alisema Mama Angelina, na akaendelea kubangua. "Asubuhi hii nilikwenda kwa Yasinta kutoa kopi ya kadi ya kliniki. Akanionyesha picha kwenye simu yake. Akaikuza kwa vidole ili niione vizuri. Akaniuliza, bibi, unaangalia nini kikubwa hivyo? Watu waliokuwa dukani wakacheka. Mimi nikacheka nao, kwa kuwa sikujua ninachochekwa. Kijana mmoja ndiye aliyenieleza njiani."

Restuta alifunika mdomo kwa kanga.

"Basi ule mlima wangu nimeuona," mama akasema. "Nimeuona kwa jicho hili hili mlilonifungulia."

Hakusema kwa hasira. Angekasirika, Kefa angepumua. Alisema kwa upole wa mtu anayefunga mizigo moyoni, na hilo lilimuuma Kefa mpaka akatamani radi ile ingempiga yeye badala ya rauta.


Jioni Mama Angelina hakumpigia mdogo wake Anna kule Haneti. Aliizima simu, akaifunga kwenye pindo la kanga pamoja na hela zake za sadaka, akamuuliza Restuta magari ya Haneti yanaondoka saa ngapi Jumatatu.

"Mama, na jicho?"

"Moja linatosha kuonea mtama."

"Zamu yako inakaribia. Ukiondoka wanampa mtu mwingine."

"Wampe. Naye ana jicho." Alikuwa anakunja nguo zake pale pale wanapozungumza, gauni la kanisani juu, la kulimia chini. "Sikiliza, mwanangu. Mtu akila cha watu huku anajua, ana ubishi wake wa kujitetea. Mimi nimekula bila kujua. Nimejishibia hapa, wenzangu wananitazama tu. Hilo siliwezi."

"Hukula kitu, mama!"

"Kwani picha ile nani kaichora? Si mkwe wangu? Mkwe wangu hawezi kunichora uongo."

Kefa aliyasikia hayo yote, maana ua wenyewe ni mdogo. Alikuwa nyuma ya ukuta anajitia kushughulika. Tangu mchana alikuwa amekwisha fanya kila kitu kinachowezekana kufanywa na fundi. Aliukagua waya uendao nyumba ndogo, akabadilisha nywila, akazima na kuwasha rauta mpaka Yasinta akatuma ujumbe wa kulalamika kwamba kazi za wateja zinamkatikia. Alikuwa kama mtu aliyedondosha ufunguo chumbani, akautafuta uani kwa sababu chumbani kuna mkwe. Kitu kimoja tu hakukifanya, na ndicho kilichotakiwa.

"Kefa," Restuta alimwita usiku ulipoanza kuingia, na alipomwita kwa jina ujue mambo yamemfika shingoni. "Mama yangu akipanda gari Jumatatu, jicho lake limekwenda. Na wewe utaishi na hiyo picha yako."

"Kesho nitazungumza mbele ya watu. Nitasema matumizi ya nyumba ile nayabeba mimi."

"Yaani utamsamehe kosa mbele ya mtaa mzima? Ndiyo utammaliza kabisa."

Kefa alijilaza macho yakiwa darini, na alijiona mdogo kuliko mtoto wake Luka.


Jumapili baada ya kanisa majirani walikutana barazani kwa Abdulwahab. Upepo wa Dodoma ulikuwa unapuliza vumbi jekundu kutoka upande wa uwanja wa ndege, na Joha alikuwa amefunika birika la chai kwa kitambaa. Palikuwa na vitumbua, na watu walikuwa wachangamfu kama kawaida ya watu wanaokuja kuzungumzia kosa la mtu mwingine. Kefa aliweka kompyuta yake mezani, grafu ikiwa wazi. Alitaka kuifunga, Abdulwahab akamwomba aiache, "kwa ajili ya uwazi."

"Ndugu zangu," Abdulwahab alianza, "hatupo hapa kumnyooshea mtu kidole. Tupo kujadili matumizi ya pamoja ya rasilimali yetu. Hata hivyo, ikitokea nyumba moja inazidi nyingine zote zikijumlishwa..."

Hakumaliza. Mama Angelina alikuwa anaingia getini, Restuta nyuma yake. Alivaa gauni la kanisani na kushika mfuko wa plastiki.

"Mbukwenyi," aliwasalimia kwa Kigogo, na hata wale wasiokuwa Wagogo waliitikia, maana ukikaa Dodoma salamu hiyo huikwepi. Waliokuwa wamekaa wakasimama kumpisha. Joha alimsogezea kiti. Hakukaa. Akafungua mfuko, akatoa simu, akaiweka juu ya meza. Akatoa kile kisanduku kidogo kilichokuwa kinamletea intaneti nyumbani mwake, na waya wake aliouviringa vizuri, akaviweka kando ya simu.

"Vitu vyenu hivi," alisema. "Simu niliizima jana jioni. Kisanduku nimekichomoa mwenyewe asubuhi kabla ya kanisa. Kama kuna nilichokula, mnisamehe. Mimi kesho narudi kwangu."

Yasinta aliinamisha uso kwenye kikombe chake. Abdulwahab alikohoa, akatafuta utangulizi, akaukosa.

Kefa alikuwa ametazama chini muda wote, kwa adabu. Na kwa kuwa alitazama chini, macho yake yaliangukia kwenye kompyuta. Ile nguzo ya namba moja ilikuwa inaendelea kupanda.

Alipangusa kioo kwa kiganja. Ikapanda tena. Simu ya mkwe wake imezimwa, iko mezani mbele yake. Kisanduku kimechomolewa, kiko pale pale na vumbi lake. Nyumba ndogo imefungwa. Na Mama Angelina bado anakula intaneti!

"Mama," alisema, na safari hii alisema naye bila kumpitishia mkewe. "Inaendelea."

"Nini inaendelea?"

"Nguzo yako. Inapanda hivi sasa."

Mama Angelina aliisogelea meza, akafumba jicho la kushoto, akatazama kwa la kulia. Aliutazama mlima wake kwa muda. Kisha akauliza, kwa sauti ambayo watu wote waliisikia: "Hiyo mashine haiwezi kusema ninakula nini?"

"Inaweza, mama. Ukibonyeza namba."

"Umebonyeza?"

"Sikubonyeza."

"Kwa nini?"

Masikio ya Kefa yalipata moto. "Wewe ni mkwe wangu, mama. Ni kama kuingia chumbani mwako."

Hapo ndipo uso wa Mama Angelina ulipolainika kidogo. Aligeuka akawatazama majirani mmoja mmoja, kana kwamba anawaambia, mmeona, kumbe anajua.

"Mbona za wengine unabonyeza?" Yasinta aliuliza, lakini Joha alimkanyaga mguu.

"Mkwe," alisema Mama Angelina, "nakufungulia mlango mwenyewe, mbele ya watu. Ingia."

Kefa akabonyeza.

Kioo kilijaa. Kefa alisoma ya juu kabisa, akarudia kuisoma, akaona haya kuitamka. Restuta akainama begani kwake akaisoma yeye.

"Tamthilia za Kituruki," alisema. "Jana asubuhi mpaka mchana."

"Jana asubuhi nilikuwa dukani kwa Yasinta nachekwa," Mama Angelina alisema.

"Mpira, mechi nzima, Jumatano."

"Mpira gani?"

"Michezo ya kompyuta ya kukimbiza magari. Masomo ya chuo. Kupakia kazi za wateja, picha za pasipoti..."

"Hizo picha za pasipoti ni zangu," Yasinta alisema ghafla, na alipogundua amesema, akaziba mdomo.

Joha naye akashindwa kujizuia. Aliweka birika chini. "Na Waturuki ni wangu," alisema. "Mwanamke yule yuko karibu kugundua kwamba mumewe ndiye aliyemchomea shamba. Nisameheni, siwezi kuacha sasa."

Aliyecheka wa kwanza ni Mama Angelina. Alicheka mpaka akashika meza, na wengine wakapata ruhusa ya kucheka pia. Mmoja alikiri mpira, mwingine akakiri magari ya watoto wake. Maisha ya mtaa mzima yalikuwa yamepangwa pale chini ya jina la mwanamke mmoja wa Haneti ambaye simu kuiwasha mpaka asaidiwe.

Kefa hakucheka. Alikuwa amevuta kiti, amekunja mikono ya shati, anabonyeza huku na huku. Alichagua matumizi ya siku ile peke yake, na kweli, namba nyingine zote zilikuwa tupu. Zile nguzo fupi fupi zilizomdanganya zilikuwa za mwanzoni mwa mwezi, kabla ya radi. Baada ya radi palikuwa na namba moja tu.

"Nimeona," alisema, na sauti yake ilikuwa ya mtu aliyetuliwa gunia. "Rauta ya zamani ilikuwa inaziachia nyumba zipite na namba zake. Hii mpya ina tabia nyingine. Nyumba zote inaziweka ndani, na kila kinachotoka nje inakivua namba ya nyumba na kukivisha namba yake yenyewe. Na mimi mita nimeiweka nje ya mlango, mahali ambapo wote wamekwisha valishwa sare moja."

"Namba yake ipi?" Abdulwahab aliuliza.

"Huku nje namba zote zilikuwa wazi, nayo ikakalia ya mwanzo. Moja." Kefa alijikuna kichwa. "Kosa ni langu. Mafundi wote namba moja wanaiachia rauta, ndio utaratibu wao. Mimi siku ile niligawa namba kwa ukubwa, kama chakula. Niliona si adabu mashine kumtangulia mama. Nilipoleta hii ya kampuni nyingine, sikukumbuka kwamba yenyewe haijui mambo yetu."

"Kwa hiyo mashine imekalia kiti changu," alisema Mama Angelina.

"Ndiyo, mama."

"Halafu ikala, mimi nikapelekewa sahani chafu."

"Ndiyo, mama."

"Iondoe."

Aliiondoa pale pale, chai ikipoa. Mita akaihamishia upande wa ndani, mahali ambapo kila nyumba bado ina namba yake, rauta akaipa namba ya mwisho kabisa, na nyumba akazirudishia zake kama zilivyokuwa. Watu walisogeza viti. Baada ya muda nguzo zikaanza kuota moja moja, kila moja na mwenyewe, na ya kwanza kurefuka ilikuwa ya Abdulwahab.

"Mbona yangu inapanda?" mwenyekiti aliuliza. "Sisi sote tupo hapa barazani."

"Televisheni ya sebuleni," Joha alisema. "Hujaizima tangu juzi. Unasema inafukuza wezi."

Abdulwahab aliinuka akaingia ndani kimya kimya, na nguzo ikatulia. Alipotoka, alimkabidhi Mama Angelina simu yake, kisanduku chake na waya wake kwa mikono miwili, na akasema maneno mafupi kuliko yote aliyowahi kusema katika kikao: "Tusamehe, mama." Yasinta alimwambia kwamba kopi za kliniki asilipie tena.

"Nitalipia," Mama Angelina alimjibu. "Ila usinikuzie tena picha."


Kosa la kumdhalilisha mkwe lina faini yake, na Kefa hakutaka kungoja atajiwe. Jioni alisimama mahali pake karibu na tangi, akamwambia Restuta amwambie mama kwamba mbuzi anatafutwa.

"Muulize, Makole hii mbuzi nitamlaza wapi," Mama Angelina alijibu. Mfuko wa nguo zake ulikuwa bado mlangoni, umefungwa. Kefa aliuona. "Faini yangu ni moja. Atume picha nyingine kwenye kundi lao, ionekane nguzo yangu ilivyo kweli. Nikiiona hiyo, nitaamua habari ya gari."

Kefa aliomba angojewe siku chache, ili mita ikusanye cha kuonyesha. Mama Angelina hakusema ndiyo wala hapana, lakini Jumatatu magari ya Haneti yaliondoka bila yeye, na jioni zote akampigia Anna kama zamani. Jumamosi Kefa aliipiga picha grafu, na safari hii aliitazama mpaka akaichoka kabla ya kuituma. Kisha akamwita mkewe.

"Mama anampigia mama mdogo kila jioni?"

"Kila jioni. Kwani vipi?"

"Njoo uone. Mimi nilimnunulia simu ya kioo ili amwone Anna. Simu ya picha haiwezi kuacha nguzo ndogo hivi."

Restuta aliinama. Nguzo ya mama yake ilikuwa kamstari kembamba, kama uchafu uliobaki kwenye kioo. Akajua mara moja, na akakaa kitini.

"Anampigia kwa sauti tupu," alisema polepole. "Nilimsikia anamwambia mama mdogo, picha inakula sana, tusiwamalizie watoto. Nikafikiri ni siku hiyo tu. Baba Luka, tangu wamfungue jicho, hajamwona mdogo wake hata mara moja."

Kefa alisimama. Alipita uani, akapita tangi, akapita mahali ambapo siku zote husimama, na akaenda kusimama karibu kabisa na mlango wa nyumba ndogo. Hakukanyaga kizingiti. Lakini hakumtafuta mtu wa kumsemea.

"Mama, picha nimeituma. Nguzo yako ni fupi kuliko zote. Inanitia aibu."

"Si ndivyo inavyotakiwa?"

"Hapana, mama. Wewe ni namba moja. Nakuomba umpigie mama mdogo kwa picha. Leo, na kesho, na kila siku mpaka jicho la pili lifunguliwe. Uongee mpaka uchoke."

Mkono ukatoka mlangoni, ukauvuta mfuko wa nguo, ukauingiza ndani.

"Restuta!" Mama Angelina aliita. "Njoo unibonyezee hapa penye picha."

Kefa alirudi akakaa karibu na tangi, kompyuta magotini. Jua lilikuwa linashuka, na harufu ya mlenda ilikuwa inatoka jikoni. Kwanza alisikia mlio wa simu ikiita, kisha kelele za wanawake wawili kwa pamoja.

"Anna! Anna, mbona umezeeka hivyo?"

"Kuzeeka umezeeka wewe! Sogea nikuone. Jicho lipi?"

"Hili. Geuza simu nione mtama. Si huko, huo ni ukuta wa jirani. Huko, huko! Ee Bwana, umekomaa."

Kwenye kioo ile namba moja ilianza kupanda. Ilipita ya Yasinta. Restuta alitoka nje anafuta machozi kwa ncha ya kanga, akamkuta mumewe anatabasamu peke yake.

"Anatumia sana?"

"Anatumia," Kefa alisema. "Sasa hivi atampita mwenyekiti."

Akaifunga kompyuta bila kubonyeza chochote, akaenda kunawa mikono.